Mtoto Mwenyewe Dhaifu

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Nimefungua serikali saa moja unusu, kama kawaida. Afisa ana kalamu, karani ana mihuri, lakini ufunguo ni wangu. Nisipofika mimi wote wasimama juani kama mbuzi nje ya zizi. Watu waniita tarishi. Tarishi gani ambaye bila yeye Faza nzima haina serikali?

Chai hakuna. Karani kamaliza sukari. Hasira ya kwanza ya wiki.

Adhuhuri kaja Mwalimu Wafula, yule wa bara afundishaye skuli yetu, na habari. Wageni wa ng'ambo wanakuja Nairobi kucheza raga na timu ya taifa, mechi tatu, hapa hapa kwenye nti yetu. Wachezaji wanachaguliwa sasa. Na Abudi wetu, mtoto wa dada yangu Khadija, aliye chuoni Nairobi, anatazamwa. Mmoja wa wachaguzi, Bwana Ridi, yuko Lamu likizoni, anavua samaki. Kesho atapita Faza kuuliza habari za kijana kwao.

Nikamwambia Wafula raga Abudi kaitoa kwangu. Wakati wa vita nilicheza na mabaharia Kilindini, nikaangusha watatu kwa bega moja.

Wafula akasema, "Mzee, mwezi uliopita walikuwa wawili."

Simpendi.

Jumanne, 2 Agosti

Bwana Ridi kafika. Mrefu, shingo nyekundu, macho ya rangi ya maji. Mimi ndiye niliyempokea. Afisa alisimama nyuma yangu.

Tukakaa baraza ya ofisi, watu wakajaa. Akauliza kwa Kizungu, Wafula akafasiri. Abudi ni mzima? Kifua, magoti, homa? Mchezo huu ni wa kugongana, mechi tatu atazistahimili?

Nikajibu kama mtu aliyelelewa. "Mtoto mwenyewe dhaifu. Kifua chamsumbua. Chakula hali, vijiko viwili kashiba. Ukimtazama ni ukuti tu." Na watu wote barazani wakaitikia, "Dhaifu, maskini." Hata Shee muuza kahawa, ambaye mwaka jana alimwona Abudi akibeba magunia mawili ya kahawa toka forodhani bila kupumzika.

Nani hapa kwetu amsifu mtoto wake mbele ya mgeni? Na mgeni mwenye macho kama yale?

Bwana Ridi akatikisa kichwa, akashukuru, akanipa mkono. Mambo yamekwenda vizuri sana. Nimemweleza Khadija, akafurahi. Akafukiza ubani hata hivyo, kukinga jicho.

Jumatano, 3 Agosti

Bwana Ridi kaenda Kizingitini kutafuta kamba wakubwa. Nimefungua. Nimefunga. Sukari bado.

Alhamisi, 4 Agosti

Nina hasira hata kalamu imetoboa karatasi.

Wafula kaja asubuhi na uso wa msibani. "Pole, Mzee Athman. Kabla ya kuondoka Bwana Ridi aliniambia kijana ataachwa. Kwa sababu ya kifua."

"Kifua gani?"

"Kile ulichomwambia."

Nikamuuliza kwani alifasiri yale? Akasema ndiyo, yote, mpaka ukuti. Nikamwambia yeye ni mpumbavu wa vyuo. Yale si maneno ya kufasiriwa, yale ni adabu. Akasema, "Kwetu mtoto mwenye nguvu tunasema ana nguvu." Nikamwambia ndiyo maana sikuulizi habari za kwenu. Akasema, "Sasa ningejuaje?" Nikazidi kukasirika.

Orodha yake itapigwa kwa simu toka Lamu kwenda Nairobi keshokutwa.

Namchukia Wafula. Namchukia Ridi na shingo yake. Nawachukia wote walioitikia barazani, na Shee zaidi.

Nilikwenda kwa Khadija nikidhani atalia. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Bora."

"Bora vipi?"

"Bora aachwe. Awe hai." Akanikumbusha Mohamed, mwanawe wa kwanza. Mgeni mmoja alimwinua, akasema mtoto huyu mzito kama jiwe, wala hakusema mashallah. Ijumaa ya wiki ile ile tulimzika. Kana kwamba mimi nimesahau. Jeneza dogo vile, nililibeba mimi.

Nikamkaripia. Kisha nikaona haya kumkaripia, haya nayo ikageuka hasira. Nikatoka bila kuaga.

Lakini namfikiri Abudi. Likizo iliyopita kila alfajiri alikimbia mchangani, maji yakipwa, mpaka visigino vikapasuka. Si msemaji, hakunifuata mimi kwa hilo. Aliniambia neno moja tu: "Mjomba, nikichaguliwa nitakuwa wa kwanza kutoka kwetu." Nami ndiye niliyemfungia mlango. Mwenye ufunguo.

Ijumaa, 5 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda Kizingitini kwa miguu, na Wafula, kwa kuwa Kizungu changu kimelala siku nyingi. Ufunguo nilimwachia karani. Ndia nzima nilitembea hatua tano mbele yake.

Tulimkuta Bwana Ridi pwani, kachuchumaa penye matenga ya kamba, wavuvi wamemzunguka. Nikamwambia Wafula, mwambie Abudi ni mzima. Akamwambia. Bwana Ridi akauliza, mzima kiasi gani?

Hapo ulimi ukashikwa. Mimi, ambaye habari zangu mwenyewe naweza kuzisema toka isha hadi watu wawe wamelala, nilisimama pale nahesabu matenga. Nilimwona Mohamed waziwazi. Mwisho nikasema, "Ana nguvu, mashallah. Anakimbia, mashallah."

Ningekoma pale. Sikukoma. Mdomo ulipoona ndia imefunguka ukaenda wenyewe. Nikasema alimtoa punda kisimani kwa mkono mmoja. Nikasema alishindana mbio na mashua iliyotweka tanga, akafika mbele, akaingojea.

Wavuvi wakacheka. Mmoja, mzee asiye na meno, akasema, "Bwana Athman, na yule papa aliyepigwa kofi, alipigwa na Abudi au na wewe?" Mwingine akasema, "Muulizeni na habari za chatu." Wakacheka mpaka wakaegemea mashua.

Bwana Ridi hakucheka. Akamwambia Wafula: Jumanne kijana hawezi kula, leo anainua punda. Uongo ni upi?

Sijapata kutaka kuaminiwa kama nilivyotaka pale. Na kila mtu pwani ile alikuwa na hadithi yangu moja mfukoni. Nilitamani kumpiga mtu. Sikujua nianze na nani.

Kumbe Khadija katufuata. Kwa miguu, katika buibui lake, na jirani yake Bi Zena. Walikuwa wamesimama nyuma kidogo, kivulini mwa mashua iliyopandishwa pwani. Wavuvi wakampisha. Hakumtazama mgeni. Alimtazama Wafula.

"Mwalimu, mwambie mimi ni mamake. Mwambie mwanangu hana maradhi."

Wafula akafasiri, polepole. Bwana Ridi akainuka, akavua kofia. Akauliza, je, hukimbia sana? Ana nguvu?

"Hana maradhi," akasema Khadija. "Basi."

Bwana Ridi akavaa kofia yake. Kisha akasema, sawa, hilo latosha kwake.

Tumerudi sote wanne. Khadija, mbele yangu, akasema visigino vya Abudi vilivyopasuka ni yeye aliyevipaka mafuta. Tulipokaribia Faza akasema, bila kunigeukia, "Nimesema hana maradhi. Sikumsifu." Baadaye akalirudia. Sidhani alikuwa anazungumza na mimi.

Jumamosi, 6 Agosti

Leo orodha yapigwa. Habari hazijafika. Nani atazileta? Lamu iko mbali na Nairobi iko mbali zaidi.

Nimemuuliza karani jana alifanya nini na ufunguo. Akasema alifungua baada ya sala, watu wakahudumiwa, akafunga, akautundika kwenye msumari. Vivyo hivyo tu. Serikali ikafunguka bila mimi, na hakuna aliyeuliza niko wapi.

Hasira hii sitaiandika yote.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimegombana na Shee juu ya kahawa yake, ni majivu. Nimegombana na mwenye punda aliyemfunga mlangoni mwa ofisi. Nimegombana na Afisa, ingawa yeye hakujua kama tunagombana.

Khadija hali chakula sawasawa. Husema ni tumbo.

Jumatano, 10 Agosti

Wafula kaniletea sukari ya ofisi, kaitoa nyumbani kwake. Nilikunywa chai yake. Bado simpendi sana.

Alhamisi, 11 Agosti

Redio ya Shee, taarifa ya jioni. Baraza ilijaa, wengine wamekaa chini. Msomaji akaanza kutaja majina ya timu ya taifa. Majina ya Kizungu, moja baada ya jingine, utadhani anasoma makaburi ya watu wengine. Nikaanza kuvaa viatu niondoke.

Jina la Abudi lilikuwa la mwisho kusomwa.

Hakuna aliyepaza sauti. Watu walisema mashallah chini chini, kama wanaohesabu tasbihi. Wafula peke yake alipiga makofi. Akaona amebaki peke yake, akaacha, akasema naye mashallah. Kaitamka vibaya, lakini kaisema.

Harufu ya ubani ilikuja toka dirishani kwa Khadija. Nyingi leo. Hakutoka nje.

Mtu mmoja wa Siu, mpita njia, akaniuliza, "Bwana, huyo kijana wenu ni hodari?"

Nikamjibu, "Ah, anajaribu tu."

"Na hucheza wapi, mbele au nyuma?"

Watu wote wakanigeukia. Mwalimu wake ni mimi, nimewaambia miaka yote. Nikasema samahani, naenda kufunga ofisi. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu alasiri.

Sijui kama hucheza mbele au nyuma. Mpira wa raga sijapata kuuona. Kilindini nilisikia kelele tu, toka upande wa pili wa ukuta.