Kilo za Baba

Hiyam, uko? Usinipigie, baba yuko chumba cha pili, atasikia.

Ile safari ya kesho ya kumpeleka Beirut, kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Teksi nimeshaagiza, viti vya jukwaani nimeshapata. Shoga, najuta hata kuitaja.

Leo nimekuta kibbe za nyama za siku tatu nyuma ya friji, amezifunga kwenye magazeti. Siku tatu! Nikamfokea. "Baba, chakula changu kimekuwa sumu?" Mzee wa miaka themanini na moja, Hiyam, nimemfokea.

Akainamisha kichwa. "Usikasirike, Rawya. Imebaki kilo moja tu. Kesho nikizidi uzito hawatanipandisha."

HAWATANIPANDISHA.

Anadhani anakwenda kushindana! Miaka arobaini tangu ashuke kwenye farasi, na tangu Alhamisi anajinyima kula, vilevile alivyokuwa akijinyima ujanani kabla ya kila mbio. Na mimi nakaanga kibbe, namnunia.

Akaomba mizani ya bafuni. Kapanda bila viatu, kashikilia sinki. Arobaini na nne. Shoga, arobaini na nne! Akafurahi mpaka akapiga makofi. "Umeona? Nimefika. Nimepangiwa farasi gani?"

Nikamwambia Shihab. Farasi wake aliyekufa mimi niko darasa la pili.

"Huyo hajawahi kuniangusha," akasema, kisha akaisukuma pembeni supu niliyomletea.

Hiyam, kesho nitamkalishaje jukwaani?