Tiketi Niliyomkatia Bi Thuwaiba

Jumapili. Mvua imekatika mchana, lakini Isevya yote bado ni matope, na moyo wangu haujatulia tangu nitoke kwa Bi Thuwaiba.

Niseme ukweli hapa, maana kule nimeshindwa kuusema.

Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege. Nakaa kwenye kiofisi changu hapa Tabora, napitisha watu Addis Ababa, Doha, Dubai, miji ambayo mimi mwenyewe sijatia mguu. Napenda sana kuunganisha safari. Nikipata njia ambayo wenzangu hawakuiona, navimba kichwa siku nzima.

Jumanne ya wiki iliyopita Bi Thuwaiba, jirani yetu aliyeniona nikikua, alikuja ofisini. Shikamoo yangu aliiitikia huku akitafuta kiti. Kaka yake wa pekee, aliyeko Maskati, alikuwa mahututi na alikuwa anamwita. Kulikuwa na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Alhamisi asubuhi, na nafasi zilikuwepo. Sikumtajia. Nikajifanya fundi, nikamtafutia ya kuondoka Jumatano kupitia Addis Ababa, ili awahi kwa nusu siku. Zilikuwa tiketi mbili za mashirika mawili, na pale Dar nilimwachia muda wa saa mbili tu wa kubadilisha ndege.

Aliniuliza, "Na hii ya kwetu ikichelewa, mwanangu, ile ya pili itanisubiri?"

"Itakusubiri, Bibi."

Sisi watu wa Tabora tumekulia stesheni. Mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanangojana hapa, nimeona hivyo tangu utotoni, na jibu lilinitoka kabla sijafikiri. Lakini najua vizuri kwamba ndege haimsubiri mtu anayetoka kwenye tiketi nyingine. Nilijua, na sikumrekebisha, kwa kuwa alikuwa ameshatabasamu.

Jumatano mvua ikanyesha. Ndege ya hapa ikachelewa kwa saa tatu. Alipofika Dar, ile ya Addis ilishaondoka, na ya Alhamisi ilikuwa imejaa. Nilipiga simu hadi sauti ikakauka, nikampatia nafasi ya Jumamosi. Ijumaa alfajiri kaka yake akafariki, na baada ya swala ya Ijumaa alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo desturi yao. Bi Thuwaiba akarudi Tabora. Wazee wake walitembea na misafara kwa miezi kutoka pwani hadi hapa, wakafika. Mimi nimeshindwa kumfikisha kwa siku mbili.

Angepanda ile ya Alhamisi, wangekuwa pamoja usiku ule wa mwisho.

Leo nimekwenda kumpa pole nikiwa nimejiandaa kukiri. Kabla sijafungua mdomo, akawaambia wageni, "Huyu binti kahangaika na mimi sana. Mvua tu ile, kadari ya Mungu." Halafu akanipa simu yake, maana macho yake hayaoni vizuri, nimwandikie wifi yake huko Maskati: asimlaumu mtu, ilikuwa mvua.

Nikaandika. Nikamsomea, akaridhika, nikatuma.

Najionea aibu kupita kiasi.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua ofisi, nitarudi kumweleza habari ya ndege ya Alhamisi. Akinifukuza, ni haki yake. Akinipa tena ile simu nimwandikie wifi yake upya, nitaandika, na safari hii nitaweka jina langu.