Meza ya Barazani

Kaloleni, Kisumu
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa miezi yote niliyokaa kimya. Mimi mzima, nakula, na ile homa imeniacha. Goti lako je? Usinijibu "alhamdulillahi" tu ukanyamaza, najua unavyonificha.

Umeniuliza kama kuna mwanamume anayenizuia Kisumu, maana kaka amenipatia kazi ya hoteli hapo Malindi na mimi bado nimeng'ang'ania huku na wajane wa watu. Hakuna mwanamume. Ila sikulaumu kwa kunishuku. Tabia hiyo nimeirithi kwako, na safari hii imenitia aibu.

Ofisini yuko mwenzangu, Mama Perpetua, mjane wa makamo, mwenyeji wa huku. Anafanya kazi hii ya ustawi wa jamii tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Walimpa cheo cha kuongoza ofisi akakikataa. Nikajiambia, mtu hakatai cheo bure, lazima kuna anachokula. Nikaanza kumchunguza. Ofisi yetu ni nyumba ya kupanga, na mlinzi na mkewe wanaishi chumba cha nyuma. Sisi wote tuna meza ndani. Yeye ameweka yake barazani, jua lake, mvua yake, na wajane wanaokuja kuomba msaada wanaishia kwake. Hawavuki kizingiti. Siku moja nilimwita mmoja, "Karibu ndani, mama," akarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka. Mama Perpetua hata hakuinua kichwa.

"Wacha yeye, Zuhura. Huyu ni wangu."

Wangu! Hapo nikajua nimemkamata. Anawatisha wasiingie, nikasema, ili awakamue huko nje sisi tusisikie. Nikamwandikia mkubwa wa shirika letu yote niliyoyashuku, na Mungu anisamehe, nikayaandika kana kwamba nimeyaona.

Jumanne mkubwa akaja. Akaketi chumba cha ndani, akamwita Mama Perpetua aingie ajieleze. Nje barazani wajane walikuwa wamejaa. Mama Perpetua akasimama mlangoni, akawatazama, akasema, "Bwana, nitajibu kila kitu, lakini tuongelee hapa nje." Yule bwana akakasirika. Akaandika kwamba amekataa kujieleza, akamsimamisha kazi mpaka kikao cha Jumatatu kitakachoamua kama atafukuzwa. Na mimi, mama, nilikuwa nimeketi pale nikifurahi moyoni.

Aliyenifumbua macho ni mke wa mlinzi, jioni ile ile, akianua nguo.

"Yawa, Zuhura! Mwaka mzima hapa na hujui? Mjane kama hajarithiwa na shemeji yake hawezi ingia nyumba ya watu. Ni mkosi. Na hii ni nyumba, si sisi tunalala hapo nyuma?"

"Basi si wakubali kurithiwa?"

"Na vile huu ukimwi umemaliza bwana zao? Hao wamekataa. Ndio maana wako nje."

"Na Mama Perpetua?"

"Yeye alikataa kitambo. Haogopi mkosi yule. Lakini akiingia, hawa wengine wataongea na nani?"

Mama, mimi nimekulia na habari za eda. Baba alipofariki nilikuona ukikaa ndani miezi minne na siku kumi. Mjane kwangu ni mtu wa ndani. Haikunipitia akilini kwamba pana mahali anabaki nje.

Juzi nilimfuata Mama Perpetua kwake Nyamasaria kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akichambua omena, dagaa wa ziwa la huku, chai hakunipa. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakutafuta kazi yenye nafuu.

"Nitafute, halafu nani akae pale?" akasema. "Hiyo samahani yako weka kwanza. Jumatatu sema ukweli."

Nitausema, kwamba niliandika nisichokiona. Nitawaomba pia kikao kikae barazani. Huenda nikafukuzwa mimi, hapo utaniona Malindi bila kubembelezwa. Nisipofukuzwa siji, mwambie kaka asinihesabu. Najua utashuku tena.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi aliyenifungia mizigo na kulia kuliko wewe. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani pia, mwambie bado nasoma.

Jambo la mwisho. Tangu Jumatano wajane walikuwa wanakuja, wanaiona meza tupu, wanarudi. Jana nikatoa kiti changu nje nikakaa hapo. Mama mmoja mzee kutoka Dunga, mwenye beseni lake la samaki, akaja mpaka mezani bila kunisalimia.

"Wewe unatafuta nini hapa nje?" akaniuliza.

Ndilo swali lako, mama, na ndilo nililokuwa namuuliza Perpetua kimoyomoyo mwaka mzima. Nikamsogezea kiti. Hakukaa, lakini hakuondoka.

Mwanao anayekuomba dua ya Jumatatu,
Zuhura