Ubao wa Nyuma Ulikuwa Umeoza, Baba

Baba,

Jana nilipita kaburini nikashindwa kukaa. Nilikuwa na hasira na wewe, na mtu hapigi kelele makaburini, kwa hiyo nakuandikia.

Karakana yako ya Ufukoni naiendesha mimi sasa. Nilirudi kutoka Masasi baada ya arobaini yako, mume wangu akanifuata. Wateja wengine bado wakifika wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" nami nimeshika msasa mkononi, vumbi la faiba mpaka kwenye nyusi. Nawajibu fundi ndiye huyu, kama hutaki ipeleke boti yako kwa kinyozi. Ungecheka. Mama hapiki tena samaki wa nazi. Anasema hana tena wa kumsifia mapishi.

Sasa sikiliza. Hamisi, mwanao, alitaka kununua boti. Si hizi boti za kazi tulizozizoea. Ni ile ya mzungu wa Mikindani aliyekuwa anapeleka wageni kuvua kwa ndoano. Anahama, anauza vitu vyake. Boti ya huko kwao, ya mashindano ya kuvua ziwani: ubavu mfupi, mashine kubwa kuliko boti yenyewe, na sakafuni zulia. Zulia, Baba! Ndani ya boti! Na viti viwili vya kuzunguka kama vya saluni. Imezeeka, rangi imepauka, lakini ukiitia moto inaruka. Hamisi alishajiona yuko mdomoni mwa Ruvuma na wageni wake, ameshika usukani, miwani myeusi usoni.

Nilimwambia boti ya ziwani haina kazi pale mto unapogongana na bahari. Akasema ataingia mtoni tu, siku za shwari. Mh! Basi tukaenda kuikagua. Kabla sijagusa kitu, mwenyewe akatuambia sehemu ya nyuma ilitengenezwa na mzee wa Ufukoni. Hamisi akanigeukia anang'aa uso mzima.

"Dada, hapa hakuna tena cha kukagua. Mkono wa Baba umeshapita."

Nikagonga hivyo hivyo, kwa kifundo cha kidole, kama ulivyonifundisha. Ule ubao wa nyuma unaobeba mashine, juu uliitika ko, ko. Chini ulinyamaza, kama nagonga godoro. Nikafungua skrubu moja, ikatoka na maji ya kahawia yananuka. Mtu alikuwa amepaka faiba mpya juu ya mbao iliyolowa maji, bila kuikata, bila hata kuikausha. Nilishafungua mdomo kumtukana fundi huyo.

Ndipo nikaona alama ya kidole gumba kwenye kona, imegandia kwenye gundi. Wewe tu ndiye unayebonyeza kona kwa kidole kitupu, na lile kovu lako lilikuwa limekatiza pale katikati. Nikaweka kidole changu juu yake. Nililia, Baba, mbele ya mzungu wa watu na zulia lake.

Wewe! Wewe uliyenifukuza karakanani siku nzima kwa sababu nilipaka faiba juu ya mbao yenye unyevu. Ulisema, "Hapo umemchimbia mtu kaburi." Maneno yako hayo, si yangu.

Nilimwambia Hamisi pale pale: hii mashine ikipigwa na wimbi moja la maana inang'oka na ubao wake, maji yanaingia, na wewe una watoto wadogo. Hakunielewa, au hakutaka. Akasema, "Baba kalala chini, na wewe unamvua nguo mbele za watu." Akainunua. Akaivuta mpaka uani kwetu, akawa anangoja bahari itulie. Na Mama aliposikia nilichosema, akaacha kuniitikia salamu.

Kila asubuhi nikawa naamka nachungulia kama boti bado ipo. Wallahi sikuwa nalala vizuri. Ijumaa wanaume walipokwenda msikitini nikachukua mashine ya kukatia, nikaukata ule ubao wote, na kidole chako ndani yake. Sikuwa na njia nyingine ya kumzuia.

Hamisi alirudi na kanzu yake nyeupe, akanikuta. Nilijua leo nachapwa. Lakini akaokota kipande, kikamegeka mkononi kama mkate uliolowa. Akaokota kingine. Akaketi chini kwenye vumbi na kanzu ile ile.

"Dada," akasema, "kumbe Baba alikuwa anaumwa kiasi hiki?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mimi niliona uzembe tu. Wakati ule unaitengeneza, miezi yako ya mwisho, ulikuwa unaniambia kwenye simu, "Kifua tu, mwanangu, mafua haya, yatapita." Kumbe hukuwa na pumzi ya kushika mashine ukakata ubao wa boti. Naona mteja alikuwa anaharakisha, ukaona haya kumwambia huwezi. Ukapaka juu, ukarudi nyumbani.

Hamisi alilia kuliko siku ya maziko. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akasema taratibu, "Alikuwa analala ameketi. Alinikataza nisiwaambie." Kisha akaja akakaa nasi pale pale kwenye vumbi.

Tumeweka ubao mpya, mkavu. Hamisi ameshika upande mmoja, mimi mwingine, na hatujagombana hata mara moja. Mdomo wa Ruvuma ameusahau kwanza. Anasema ataipeleka boti Kitaya, huko mtoni kwenye maji ya ndani. Mama ameanza tena kuniitikia, ila sauti yake bado ni ndogo.

Lala, Baba. Mungu akupe raha uliyoikosa miezi ile ya mwisho. Nimekusamehe ile boti. Ule ukimya wako bado sijausamehe, unipe muda.

Na mimi nakuahidi hivi: siku mkono wangu ukishindwa, nitasema. Nitamwambia mteja, nitamwambia Hamisi, nitamwambia na Mama: sina nguvu, mpeni mwingine kazi hii. Ungesema wewe, labda saa hizi ningekuwa nakupigia simu.

Binti yako,
Somoe