Jumamosi Niliyowaongoza Skauti Bila Sauti

Saluni, chumba cha nyuma,
Mkabala na shule ya msingi.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wifi yangu, na huyo kichanga wenu ambaye sijabahatika kumpakata. Mgongo unaendeleaje? Usiniambie umepona ilhali bado unabeba vyuma huko kazini, nakujua vizuri. Sisi huku hatujambo. Mimi niliugua kidogo, lakini usishtuke, maana ugonjwa wenyewe ndio habari.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu unanikatisha kabla sijafika katikati, nami nikikatishwa nakasirika, tunaishia kugombana kwa salio lako. Barua haikatishwi. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Uliniomba nimtoe mwanao Kidoti kwenye skauti. Uliandika hivi: "Dada, mtoto hasikii. Wenzake watamcheka, na siku wakipelekwa porini atapotea, akiitwa haitiki. Mtoe akae nyumbani mpaka nirudi." Sikukujibu haraka. Nilikaribia kukubaliana nawe.

Nilikuwa najionea mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi nafunga saluni, navaa skafu yangu, nakwenda uwanja wa shule kuwachezesha skauti wadogo, wale wa miaka saba hadi kumi. Wananiita Tarumbeta, na si kwa sababu najua muziki. Nikiita mstari, hata fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara anasimama wima. Sasa fikiria mwanao katika uwanja unaoendeshwa na koo langu. Alikuwa akiwatazama wenzake tu. Wakikimbia, anakimbia. Wakichuchumaa, anachuchumaa, kila mara akiwa nyuma kidogo. Tuna mchezo wa "Mkuu anasema", ambao mtoto akikosea amri anatoka. Yeye alikuwa akitoka wa kwanza wiki zote, anakwenda kukaa kwenye ngazi za darasa huku anatabasamu ili nisimwonee huruma. Hakuna aliyemcheka, hilo nakuapia. Lakini hakuna aliyemtazama pia, na hilo liliniuma zaidi.

Basi koo likagoma. Lilianza kukwaruza, nikapuuza, nikaendelea kupiga kelele. Asubuhi moja nafungua mdomo, kimya. Daktari akamulika, akaguna, akasema, "Mama, wiki tatu usitoe neno. Hata kunong'ona usinong'one." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi likavunjika koo. Wateja wangu hawakuficha furaha yao. Yule mama muuza vitambaa alisema amesubiri miaka kumaliza hadithi yake kwenye kiti changu, akaimaliza, akaanza nyingine.

Jumamosi ikafika. Mwenzangu tunayeongoza naye, yule dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa zamu. Watoto walikuwa wameshafika, skafu shingoni, mashati yamechomekewa. Kuwarudisha makwao nilishindwa. Nikasimama mbele yao nikafanya zile alama tunazozungumza mimi na Kidoti nyumbani, nilizofundishwa na mwalimu wake: njooni, kaeni, tengenezeni duara. Watoto wakanikodolea macho. Mmoja tu ndiye aliyetembea mpaka katikati ya uwanja, akakaa, akakunja miguu. Wenzake wakamtazama, kisha wakamfuata mmoja mmoja.

Mdogo wangu, kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kama yale sikuwahi kuyaona.

Tulianza na "Mkuu anasema", kwa mikono. Walikosea, wakatoka, wakakosea tena, mpaka uwanjani akabaki Kidoti peke yake. Hakujua afanye nini, kwa sababu hajawahi kufika huko. Akanitazama kama mtu anayedhani mchezo umeharibika. Nikamwonyesha: umeshinda. Akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyeshinda.

Nilishindwa kujizuia. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Baadaye tukacheza mchezo wa kupeleka ujumbe. Siku zote watoto hunong'onezana kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na ujumbe unaoondoka na ndoo ya maji hufika na bibi harusi. Safari hii nilimweka Kidoti mbele. Wote wakasimama wakiwa wamempa mgongo. Akamgusa bega wa kwanza, yule akageuka, akampa habari kwa mikono: ndege wawili wametua mtini, mmoja ameruka, mwingine anamtafuta. Yule naye akamgusa wa pili. Nilitembea kando yao nikiona wale ndege wanapita mkono kwa mkono, na mtoto wa mwisho alipowaonyesha, walikuwa wale wale. Hata shingo alivyoinyoosha Kidoti, ndege akimtafuta mwenzake, ilifika hivyo hivyo.

Na ule utulivu, sijui nikueleze vipi. Uwanja mzima wa watoto wanacheza na nasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Nasikia viatu mchangani. Nasikia wanavyopumua. Nimekuwa nikiwapigia kelele watoto hawa tangu kundi lianzishwe, na sikuwahi kujua kwamba pale uwanjani kuna njiwa. Niliogopa, nakwambia kweli, woga ule wa kuingia mahali patakatifu na viatu vyako.

Fundi baiskeli alikuja mbio kutoka ng'ambo, gurudumu mkononi, akauliza, "Kuna nini? Mbona watoto wamenyamaza?" Akabaki pale langoni akiangalia, mpaka mteja wake alipokuja kumfuata.

Jumamosi iliyofuata watoto wenyewe ndio walionikataza kumtafuta kiongozi mwingine wa kusema badala yangu. Walisimamisha hema la shuka na fito bila neno, mmoja akishika fito, mwingine akifunga fundo, wote wakimtazama Kidoti kuona wapi pamelegea. Tulikwenda hata kule porini unakokuogopa, kile kijisitu nyuma ya matangi ya maji, kufuata mishale ya mawe. Walitunga sheria yao: usiende mahali mwenzako hakuoni. Kwa hiyo huyo wa kuitwa asiitike hayupo, kwa kuwa haitwi mtu. Nimekuwa kiongozi miaka yote hii nikihesabu watoto kwa hofu, na siku hiyo sikuwa na haja ya kuhesabu.

Lakini jioni moja nikimsuka, Kidoti alinishika mkono akaniuliza kama sauti yangu itarudi. Nikamjibu ndiyo, imebaki wiki moja. Kisha akauliza: "Na wao, wataendelea kunitazama?"

Sikumdanganya. Nilimwambia sijui. Usiku ule nilitamani daktari awe amekosea hesabu.

Alhamisi daktari akanifungulia, niseme kidogo kidogo kama mtu anayekunywa dawa. Jana nikaenda uwanjani. Nilikuwa nimepanga niendelee na mikono, lakini mazoea yana taabu. Nilipoona wawili wanavutana kamba, nikasahau, nikapaza sauti. Watoto wote wakageuka. Nilimwona Kidoti akiteremsha mikono yake taratibu, akarudi hatua moja, akaanza kuwatazama wenzake kama zamani ili ajue nimesema nini.

Hapo ndipo yule mdogo kuliko wote, mtoto wa fundi bomba, aliponijia. Alinivuta skafu mpaka nikainama. Akanifunika mdomo kwa kiganja chake chenye mchanga. Halafu akanishika mashavu, akanigeuza uso mpaka nikawa namtazama Kidoti, akasubiri.

Nikasema tena kwa mikono. Nililia mbele ya kundi zima na wala sikuona haya.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: simtoi. Mwezi ujao watavishwa beji na kutoa ahadi yao, na wameamua wataitoa kwa mikono, wote. Kama bado unataka atoke, panda gari uje uwaambie mwenyewe, maana mimi watanifunika mdomo.

Liko jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika lugha ya alama mtu hupewa jina la mkono, na Kidoti ndiye aliyewapa wenzake wote. Mwenye pengo la jino ana lake, mtoto wa fundi bomba ana lake, mimi langu ni vidole kooni. Jana wakati wa kukunja shuka wakamwuliza baba yake anaitwaje. Akawajibu kwamba baba yake bado hana jina, kwa sababu akipiga simu huzungumza na shangazi tu.

Hakulisema kwa uchungu. Aliendelea kukunja shuka.

Nisalimie wifi yangu sana, na umbusu kichanga kwa niaba yangu. Babu anakusalimu na anaulizia ile miwani uliyomwahidi. Mama muuza vitambaa naye anakusalimu, kwa urefu, lakini karatasi yangu haitoshi. Mungu akulinde juu ya hizo ngazi za kazini, aushike mgongo wako, awalete nyumbani salama.

Jumapili ijayo ukipiga simu ya video, mimi nitakuwa jikoni na mlango nitaufunga. Atakayekaa mbele yako ni Kidoti. Usimpungie mkono na kuniulizia. Tulia, mtazame mpaka aamue. Akikupa jina, usiniite nikutafsirie, mwulize yeye.

Dada yako, akupendaye hata ukiwa mbishi.