Nyumba Kubwa Mbali na Soko

Mjukuu wangu Wakesho,

Kibanda changu cha ushonaji sokoni Voi nilikipoteza mwaka ule tulipohama kutoka mjini, nikiwa na mimba ya mama yako. Sisi sote wazima, na pojo tumevuna.

Unaniuliza ununue ipi huko Kitengela, nyumba kubwa iliyo mbali au ndogo iliyo karibu na soko na stendi. Babu yako naye alipata ekari mbili nje ya mji, bei rahisi. "Hapa utapumua, mke wangu."

"Mimi nitapumua. Wateja je?"

Wateja wangu walikuwa wafanyakazi wa mkonge, waliofika jioni wakitoka kazini. Saa hiyo nilikuwa nimeshafunga, niwahi nyumbani kabla ndovu hawajaingia njiani. Kwa miezi minne wote wakahamia kwa fundi jirani. Babu yako akasema biashara ni bahati. Bahati! Yeye alikuwa na baiskeli.

Sasa mchumba wako anasifu nafasi ya kuegesha gari. Gari lenyewe ni la nani? Tembea mwenyewe jioni, kutoka geti la hiyo kubwa hadi sokoni, kisha unipigie kabla ya ibada ya Jumapili. Ni kubwa au ni ndogo? Usiniambie "tutaona".

Nyanya yako