Bushi za Gari la Baba

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na gereji inakulisha vizuri. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayochechemea. Mama yupo. Zaidi ya hapo siandiki, maana hupendi kudanganywa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni anajibu aliye chumbani. Juzi Mama alikataa kwenda hospitali. Daktari alishasema saratani imeingia mifupani, kwenye nyonga na mgongo, na dripu ya kila wiki isirukwe. Lakini gari la marehemu Baba linagonga. Kila shimo ni ko-ko-ko chini ya miguu yetu, na usukani unavuta kushoto. Hatujafika hata nusu ya njia akaniambia nigeuze. "Hili gari linanivunja," akasema. "Siendi tena mpaka lipone."

Kwenye teksi hawezi kukaa, anahitaji kile kiti chetu cha mbele kinacholala chote. Fundi wa mtaani mara ya mwisho alikaa nalo mwezi mzima, akalirudisha bila redio. Nilipouliza, akasema redio haikuwa sehemu ya ugonjwa.

Mimi ni msusi, Kaka, najua vichwa vya watu. Lakini niambie nifanye nini na nitafanya. Nisipofanya, Mama atafia kitandani nami nikimtazama.

Mdogo wako,
Kitinda

12 Machi

Kitinda,

Marahaba, mdogo wangu. Mimi sijambo, mgongo tu unalalamika. Mpe Mama salamu zangu, mwambie nimesema yeye ni mkunga mstaafu, si mtoto wa kususa.

Huo mlio naufahamu. Ni bushi za mikono ya mbele, zile raba zilizovikwa chuma pale mkono wa gurudumu unaposhikana na bodi. Raba zikichakaa, chuma kinagonga chuma. Nimekuwekea mpya katika kifurushi hiki.

Sasa sikiliza. Linyanyue kwa jeki kisha uweke stendi za chuma. Jeki peke yake ni rafiki mnafiki, usiingie chini kwa kuiamini. Toa gurudumu, fungua mkono. Bushi ya zamani isukume nje kwa bolti ndefu na nati, ukiweka kipande cha bomba upande wa pili ili ipate pa kutokea. Kaza polepole, italia kisha itatoka. Mpya ipake maji ya sabuni, usipake grisi, grisi hula raba. Ikalishe kama ilivyokaa ya zamani. Rudisha mkono mahali pake, kaza kwa nguvu zako zote.

Kuja siwezi, likizo yangu ni mwisho wa mwaka na bosi hapa hana masikhara. Lakini gari likipona Mama hana kisingizio. Asikose hata wiki moja, nakuomba sana.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Salamu zako zimefika, Mama amezipokea kwa kuguna. Hajambo kidogo, homa imemshuka.

Niliifanya kazi yako. Mwisho wote wa juma nilikuwa chini ya gari kama kuku anayetaga. Bushi ya kwanza ilitoka kwa mlio mkubwa, nikadhani nimelivunja gari lenyewe. Wateja sasa wanatazama kucha zangu kabla ya kuniachia vichwa vyao. Mama alikuwa na homa, daktari akasema tusubiri, basi nikawa naenda nalo saluni na kurudi, na lilikuwa limetulia. Nilijivuna, nisikufiche.

Halafu juma hili mlio umerudi. Nimechungulia kwa tochi, raba mpya zimechanika. Mpya, Kaka! Homa imeondoka na siku ya hospitali imefika, Mama amelisikia gari likiingia uani, akasema, "Bado halijapona." Akageukia ukutani. Umenitumia takataka au mimi ndiye takataka? Nimekaa bandani nimelia mpaka nikachoka.

Kitinda

15 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba, na pole sana. Wewe si takataka, na bushi zile ni nzuri. Kosa ni langu. Ulikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, sivyo? Ulifanya nilivyokuandikia. Mimi siku zote huzikaza gari likiwa limesimama chini, mkono wangu umezoea hadi nikasahau kukwambia.

Fikiria unamsuka mtu akiwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Akiinua kichwa, ngozi yote inavutika. Raba nayo ukiibana gari likiwa juu, likishuka inabaki imesokotwa, na kila shimo linaichana. Kwa hiyo safari hii acha bolti zikiwa legelege. Rudisha magurudumu, shusha gari juu ya mbao nene ili upate nafasi ya kuingia chini, libonyeze mara kadhaa litulie kwenye uzito wake. Hapo ndipo ukaze.

Nimetuma nyingine. Fanya haraka. Kila wiki anayokosa ni ushindi wa ugonjwa. Mbebe ikibidi.

Kaka yako

4 Mei

Kitinda,

Salamu. Nimesubiri barua hadi nimechoka. Nikipiga simu Mama anapokea mwenyewe, anasema "tupo tu," kisha ananiuliza kama nakula. Nikikutaka wewe, uko saluni. Bushi zimefika? Gari limepona? Anaenda hospitali au haendi? Kama unamwacha ashinde kitandani kwa sababu unaogopa kubishana naye, sitakuelewa.

Kaka yako

11 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Afya yangu usiniulize leo.

Gari limepona. Nilizifunga bushi zote kama ulivyosema, nikalishusha juu ya mbao, nikalibonyeza, nikaingia chini kwa mgongo nikakaza. Usukani umenyooka. Mama alipoona hivyo hakubisha, alivaa, akaomba tu mto wa ziada.

Nikamlaza kwenye kiti, tukatoka. Tulipofika kwenye lile shimo la mbele ya duka la dawa, gari likabembea tu, halikugonga. Nikafurahi, nikafungua mdomo nimwambie aone kazi ya wanawe. Ndipo nikamsikia.

Si kilio, Kaka. Ni mguno mdogo, unamtoka bila yeye kutaka, kila gari likipanda na kushuka, hata barabara ikiwa laini. Alikuwa ameuma ncha ya shuka. Nikaelewa kwamba safari zote zile nilizokuwa nikitukana barabara, mama yetu alikuwa akiugulia vile pembeni yangu, na mimi nikisikia gari tu.

Nikaegesha kando. Nikamuuliza, tangu lini? "Tangu mwanzo," akasema. "Gari lilikuwa likinisitiri. Mmelitengeneza, limeniumbua." Akacheka, kile kicheko chake cha kuwatania wazazi leba. Nikamuuliza kwa nini basi alisema ataenda likipona. "Kwa sababu nilijua halitapona. Nani alijua msusi atafungua gari? Nilitaka kuacha bila kuwavunja moyo." Kisha akasema amehudumia wagonjwa wengi, anajua dawa inapotibu na inapotumika tu ili watu wasikae bure. "Nimechoka, mwanangu. Nirudishe nyumbani."

Maneno yako yalikuwa kichwani mwangu, asikose hata wiki moja. Injini ilikuwa inanguruma. Nilikaa pale mpaka watu wakaanza kutuchungulia. Kisha nikageuza.

Kesho yake nilikwenda peke yangu kwa daktari. Hakunigombeza. Alinipa dawa ya maumivu, akasema bila dripu ni wiki chache, na kwamba hata kwa dripu asingeniahidi mengi. Tangu hapo Mama analala. Anaota, anaongea na Baba, anaamka anaomba chai.

Mimi ndiye niliyegeuza usukani. Nikiamka asubuhi naona nimemuua mama yangu. Jioni nikimkuta amelala bila kuguna, naona nilifanya sawa. Asubuhi inarudi tena. Siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu, nitaanguka nao.

Usitume spea nyingine, na barua hii usiijibu. Mama hataji hospitali tena, anauliza basi la huko kwako hufika siku gani. Mwambie bosi wako lolote. Kama ni kunilaumu, njoo unilaumu hapa, Mama angali yupo.

Mdogo wako,
Kitinda